Kumpigia debe asiyetangaza nia: mwongozo kwa wanablogu wa kujitolea katika urais wa Marekani

Mtu anayetajwatajwa kwa urais lakini hajatangaza nia hana kampeni, hana mhazini, hana ofisi hata katika jimbo moja. Wanaomtaka ndio wanaobeba mzigo huo kabla yake, tena bila ruhusa yake. Kazi hiyo imewahi kuzaa matunda. Mwaka 1952 Jenerali Eisenhower alikuwa Ulaya akiongoza majeshi ya NATO wakati wafuasi wake walipomwingiza katika mchujo wa New Hampshire, yaani kura ya chama ya kuchagua mgombea wake. Alishinda tarehe 11 Machi akiwa huko huko ng'ambo, na wiki moja baadaye zaidi ya wapiga kura 100,000 wa Minnesota waliandika jina lake kwa mkono kwenye karatasi za kura. Mwaka 2003 wanablogu walifanya jambo la aina hiyo kwa Jenerali Wesley Clark: walikusanya ahadi za michango zilizozidi dola milioni moja kabla hajasema kama anagombea, naye akatangaza nia mjini Little Rock tarehe 17 Septemba.

Kilichokuwa na uzito mara zote mbili ni hesabu. Mtu mzima mwenye jina, kazi na familia hajitosi ulingoni kwa sababu blogu imemsifu. Kumvisha kilemba cha ukoka kila asubuhi hakumwongezei kitu. Anachohitaji kujua ni watu wako wapi, wako wangapi, na watafanya nini siku ya pili baada ya yeye kutangaza. Blogu yenu ipo ili imjibu kwa tarakimu.

Anzeni na kalenda

Kwanza hakikisheni anaruhusiwa. Katiba inataka Rais awe raia wa kuzaliwa, awe amefikisha miaka 35, na awe ameishi Marekani miaka 14. Aliyekwisha kuchaguliwa mara mbili hawezi kuchaguliwa tena.

Kisha someni kwa makini alichokwisha kusema. "Sina mpango wa kugombea" na "sitagombea" ni kauli mbili tofauti. Ya kwanza inaacha mlango wazi, ya pili inaufunga, na kikundi kinachojifanya hakikusikia ya pili kinapoteza heshima yake na ya anayempigia debe. Wekeni kauli zake zote kwenye ukurasa mmoja, kila moja na tarehe yake, pamoja na zile zisizowapendeza.

Baada ya hapo hesabuni kurudi nyuma. Kila jimbo lina tarehe yake ya mwisho ya kuandikisha wagombea wa mchujo, na za mapema kabisa huangukia vuli ya mwaka unaotangulia uchaguzi. Joe Biden aliposimama kwenye bustani ya Ikulu ya Marekani tarehe 21 Oktoba 2015 na kusema hatagombea, alieleza kwamba muda wa kujenga kampeni ya ushindi ulikuwa umekwisha. Kama mlango wa kwanza unafungwa Novemba, mtu anahitaji angalau miezi mitatu kabla yake ili kupata mwanasheria, mhazini, wafanyakazi na sahihi. Kwa hiyo ushahidi wenu uwe mezani kwake ifikapo Juni au Julai, na kikundi kianze kazi Januari. Vikundi vingi huanza Agosti, wakati magazeti yamekwisha kumtaja, na huishia kupiga kelele tu.

Tengenezeni ukurasa wa majimbo: tarehe ya mwisho, ada, idadi ya sahihi zinazotakiwa, na nani anaruhusiwa kuzikusanya. New Hampshire inatoza ada ya dola 1,000. Majimbo mengine yanataka sahihi za wapiga kura. Chukueni taarifa hizo kwa ofisi inayosimamia uchaguzi katika kila jimbo, si kwenye makala ya uchaguzi uliopita, kwa sababu mabunge ya majimbo huzibadili mara kwa mara. Ukurasa huu hausisimui mtu, lakini wasaidizi wake ndio watakaousoma kwanza.

Jina na sheria ya fedha

Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, FEC, inakataza kamati ambayo haikuidhinishwa na mgombea kutumia jina lake katika jina la kamati. Kamati ya kumshawishi mtu agombee inaruhusiwa, kwa sharti kwamba jina lenyewe lionyeshe wazi kuwa kazi yake ni hiyo. Ndiyo sababu majina kama Draft Clark, yaani "Mvuteni Clark agombee", yalikubalika. Jina linalosomeka kama kampeni rasmi litawaletea barua ya FEC, na kabla ya hapo litawaletea watu wanaodhani wamemchangia mgombea mwenyewe.

Kuandika tu hakuna gharama kisheria. Kanuni ambayo FEC ilipitisha mwaka 2006 inasema kazi ya mtu binafsi kwenye intaneti bila malipo haihesabiwi kuwa mchango wala matumizi ya kampeni, hata akiwa amenunua kompyuta, jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi kwa fedha zake. Tangazo la kulipia kwenye tovuti au jukwaa la mtu mwingine haliko chini ya msamaha huo. Mkilipa dola 20 ili andiko lenu lionekane na watu wengi zaidi, mmevuka mstari. Andikeni kiasi, tarehe na aliyelipa.

Sheria ya vikundi vyenyewe inachanganya watu, basi twende taratibu. Mwaka 1981 mahakama ya rufaa ya Washington, katika kesi iliyohusu vikundi vilivyomtaka Edward Kennedy agombee, ilisema kwamba vikundi vya namna hiyo havibanwi kama kamati za kisiasa maadamu mtu mwenyewe bado hajawa mgombea. Nafuu hiyo inakwisha siku anapotangaza. Kuanzia hapo, kikundi ambacho kazi yake kuu ni kumpigania na ambacho kimepokea au kutumia zaidi ya dola 1,000 katika mwaka kinapaswa kujisajili ndani ya siku 10 na kuwa na mhazini. Hakuna kikundi kinachoweza kutengeneza kumbukumbu za miezi minane kwa siku 10. Kwa hiyo fanyeni hesabu tangu dola ya kwanza kana kwamba mmekwisha kusajiliwa:

- Akaunti ya benki ya kikundi, iliyotengwa kabisa na fedha za mtu yeyote.
- Kila anayetoa zaidi ya dola 50: jina, anwani, tarehe, kiasi.
- Anayefikisha zaidi ya dola 200 kwa mwaka: ongezeni kazi yake na mwajiri wake.
- Fedha taslimu zisizidi dola 100 kwa mtu mmoja. Zisizo na jina zisizidi dola 50.
- Michango iingie benki ndani ya siku 10 tangu kupokewa.

Fulana na vikombe ndivyo vinavyowaumbua wengi. Mtu akinunua fulana kwa dola 25 iliyowagharimu 11, kisheria ametoa mchango wa dola 25 zote, wala si 14 za faida. Akinunua tisa, amevuka dola 200 na mnahitaji jina la mwajiri wake. Fomu ya duka iulize mambo hayo mapema, maana kumtafuta mnunuzi miezi sita baadaye ni kazi isiyokwisha.

Wasio raia wasome hapa kwa uangalifu. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuchangia na kushiriki. Aliye Marekani kwa viza, au aliye nje ya nchi na si raia, anaweza kujitolea bila malipo, lakini haruhusiwi kutoa fedha, kununua fulana, wala kukaa kwenye uamuzi wa jinsi fedha zitakavyotumika. Wekeni kisanduku cha kuthibitisha hilo kwenye fomu ya michango. Kwa mwajiriwa wa serikali ya shirikisho, sheria ya Hatch ya mwaka 1939 inamkataza kufanya siasa za vyama akiwa kazini, ndani ya ofisi au kwenye gari la serikali, na kusambaza andiko la blogu saa za kazi ni siasa. Katika makampuni binafsi, kipimo cha FEC cha kutumia vifaa vya mwajiri bila kuonekana kwamba kampuni imechangia ni saa moja kwa wiki au saa nne kwa mwezi, ilimradi mwajiri mwenyewe anaruhusu.

Fomu ya ahadi ndiyo moyo wa kazi

Kila andiko kwenye blogu liishie kwenye kiungo kimoja tu: fomu ya ahadi. Msiweke vitufe vitano. Mgeni akipewa mambo matano ya kufanya huondoka bila kufanya hata moja.

Fomu iulize jina, barua pepe, msimbo wa posta wenye tarakimu 5, saa ngapi kwa wiki mtu atajitolea endapo mhusika atatangaza, na kiasi ambacho angechangia siku ya kwanza. Simu iwe hiari. Ahadi ya kuchangia baadaye haihesabiwi kuwa mchango mpaka fedha zitolewe, kwa hiyo mnaweza kuzikusanya bila kushika senti ya mtu.

Msimbo wa posta ndio usioweza kukosekana. Howard Dean aliingia kwenye mchujo wa urais wa mwaka 2004 akiwa na umati wa mtandaoni ambao haukuwa na mfano wakati ule, na wafuasi wake kutoka kila pembe waliwaandikia wapiga kura wa Iowa, jimbo la kwanza katika mchujo huo, barua kwa mkono. Usiku wa tarehe 19 Januari alikuwa wa tatu, kwa asilimia 18, nyuma ya wapinzani wake Kerry na Edwards. Watu walikuwepo, ila si Iowa. Ahadi 40,000 zilizotawanyika nchi nzima zinapendeza kwenye kichwa cha habari, lakini ahadi 900 ndani ya New Hampshire zenye saa za kazi zina thamani zaidi kwa mtu anayepima kama aingie. Gaweni hesabu kwa jimbo, na katika majimbo manne au matano ya mwanzo igaweni hadi kaunti.

Chini ya fomu wekeni sentensi ya ridhaa, kwa maneno yasiyo na kona: "Ninakubali jina langu na mawasiliano yangu yakabidhiwe kampeni yake endapo atatangaza nia. Kikundi hiki hakikuidhinishwa naye." Kisanduku kiwe wazi, mtu akiweke alama mwenyewe. Ukiisahau sentensi hii Februari, Septemba utakuwa na orodha usiyoweza kumpa mtu yeyote kwa dhamiri safi.

Baada ya kujaza, mtu atumiwe barua pepe yenye kiungo cha kuthibitisha, na asiyethibitisha asihesabiwe. Hatua hii itapunguza tarakimu zenu na wengine watalalamika. Ishikilieni. Bila hiyo, mpinzani mmoja anaweza kujaza fomu mara elfu tatu kwa majina ya kubuni, kisha akampigia simu mwandishi wa habari. Pia ondoeni marudio kila wiki: barua pepe moja, mtu mmoja, anwani mbili zenye jina na msimbo uleule, zikagueni kwa macho.

Kosa jingine la kiufundi linaua orodha nzima. Kikundi huchukua majina kutoka orodha ya zamani ya harakati nyingine, kikayatumia barua 20,000 siku ya kwanza kutoka tovuti yenye umri wa wiki mbili. Wapokeaji hubonyeza kitufe cha taka, na kuanzia hapo hata waliojiandikisha wenyewe hawazioni barua zenu. Anzeni na mia chache kwa siku, ongezeni taratibu kwa wiki nne, wekeni njia ya kujiondoa inayofanya kazi kwa mbofyo mmoja, na msiingize jina ambalo mwenyewe hakulileta.

Cha kuandika

Kurasa za kudumu ni tano: rekodi yake, misimamo yake kwa maneno yake mwenyewe, maswali magumu, ukurasa wa majimbo, na hesabu ya ahadi inayosasishwa kila Jumatatu. Ya maswali magumu ndiyo inayojenga imani kuliko zote. Andikeni kila shutuma dhidi yake kwa ukamilifu, jinsi adui yake angeiandika, halafu mjibu kwa kumbukumbu: kura aliyopiga, tarehe, muswada. Isiyojibika isemeni hivyo hivyo. Msomaji ambaye hajaamua huja kutafuta ukurasa huo, na asipoukuta anajua amekuja kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Maandiko ya wiki yawe matatu hadi manne, si kila siku. Moja liwe la jimbo moja: nani ameahidi, kaunti zipi ziko kimya, mkutano ujao uko lini. Moja liwe la hoja. Moja liandikwe na mfuasi wa mashinani kuhusu tatizo la mahali pake na kwa nini anamtaka mtu huyu. Msiwatukane wagombea wengine. Wafuasi wao ndio mtakaowahitaji baada ya mchujo, na kila tusi litanukuliwa likiwa na jina la mtu wenu, ambaye hata hakuomba kutetewa. Mmoja wenu apitie maoni ya wasomaji angalau mara mbili kwa siku, kwa sababu hiyohiyo.

Picha: zile rasmi zilizopigwa na watumishi wa serikali ya shirikisho wakiwa kazini kwa kawaida hazina hakimiliki. Za mashirika ya habari zinayo, na ankara zao hufika.

Blogu ikipokea malipo kutoka kwa mtu yeyote mwenye maslahi, isemwe juu ya andiko lenyewe. Kanuni ya 2006 haimlazimishi mwanablogu kufanya hivyo. Fanyeni hata hivyo, kwa kuwa nguvu yote ya sauti ya kujitolea ni kwamba haikununuliwa, na ikigundulika vinginevyo hakuna kanuni ya FEC itakayoirudisha.

Kukutana ana kwa ana

Ahadi ya mtandaoni husinyaa haraka isipogusana na watu. Kila msimbo wa posta wenye majirani 12 waliothibitisha, itisheni mkutano wa saa moja na nusu: dakika 15 za kufahamiana, 20 za kalenda ya jimbo, 40 za kazi ya mikono, zinazobaki za kupanga tarehe ijayo. Kazi ya mikono ni barua kwake yeye, zilizoandikwa kwa kalamu, kila moja na sababu moja na jambo moja ambalo mwandishi ataahidi kufanya. Barua 30 zisizofanana zina uzito kuliko sahihi 3,000 kwenye maneno yaleyale. Mwenye nyumba anayewakaribisha wenzake kwa hiari aweke risiti za chakula na vinywaji: mnayempigia debe akishakuwa mgombea, gharama za nyumbani kwa mtu mmoja hazihesabiwi kuwa mchango hadi dola 1,000 kwa kila uchaguzi.

Umbali kati yenu na yeye

Hapa ndipo mapenzi yanapoweza kumdhuru mhusika. Mtu anayepima upepo anaruhusiwa kufanya tafiti na safari bila kuwa mgombea. Akiamua, na fedha zilizokusanywa au kutumika zikizidi dola 5,000, ni mgombea, na ana siku 15 za kuwasilisha fomu. Fedha zinazokusanywa na wengine kwa ajili yake nazo zinaweza kumfikisha huko: FEC ikimwandikia kwamba kikundi kimepokea au kutumia zaidi ya dola 5,000 kwa niaba yake, naye asipokikana kwa barua ndani ya siku 30, anahesabiwa kuwa mgombea. Kwa hiyo akitoa barua ya kuwakana, msijeruhike na msiandike andiko la uchungu. Huenda mwanasheria wake amemwambia hana njia nyingine.

Msipige simu kwa wasaidizi wake kuuliza mtangaze wapi au mtumie kiasi gani. Matumizi mliyopanga pamoja yanaweza kuhesabiwa kuwa mchango kwake, na mchango wa mtu binafsi kwa mgombea una kikomo: kwa kipindi cha 2025 na 2026 ni dola 3,500 kwa kila uchaguzi. Kila mnachotaka akijue, kiandikeni hadharani kwenye blogu. Wasaidizi wake wanasoma.

Siku ya jibu

Andaeni maandiko mawili mapema, la ndiyo na la hapana, pamoja na barua pepe mbili.

Akisema ndiyo, orodha ndiyo inayogombaniwa. Mwaka 2022 FEC ilitoa maoni kwa kikundi kilichomtaka Ron DeSantis agombee: kumpa bure orodha ya waliotia sahihi na mawasiliano yao, akiwa mgombea au anapima upepo, ni mchango wa thamani ya orodha hiyo na unabanwa na vikomo. Njia iliyonyooka ni kuiuzia au kuikodishia kampeni kwa bei ya soko, au kuwaandikia wanaorodha wote siku hiyohiyo mkiwapa kiungo cha kampeni wajisajili wenyewe. Njia ya pili ni nafuu na hufanya kazi vizuri saa 48 za kwanza. Baada ya hapo joto hushuka.

Tarajieni pia kwamba wataalamu walioajiriwa watawaweka pembeni. Iliwatokea waliomvuta Clark, na uchungu ule ulikula wiki ambazo kampeni hiyo changa ilizihitaji. Dawa yake ni kufika mezani na kitu kinachotumika: waratibu wa kaunti wenye majina, ratiba ya mikutano iliyokwisha kupangwa, ukurasa wa majimbo uliosahihishwa wiki ile. Ombeni majukumu mahususi, kaunti fulani, tarehe fulani. Msiombe vyeo.

Akisema hapana, fungeni ndani ya wiki mbili. MoveOn, kikundi cha wanaharakati wa mtandaoni kilichokuwa miongoni mwa waliomsukuma Seneta Elizabeth Warren agombee tangu Desemba 2014, kilifunga kazi hiyo Juni 2015 ilipobainika haingii. Warren aliwania mwaka 2020. Waandikieni wote kwamba kazi imekwisha, wape nafasi ya kufutwa, na msiipeleke orodha kwa mgombea mwingine: ridhaa waliyotoa ilikuwa kwa jina moja. Fedha zilizobaki rudisheni kwa waliotoa, kwa uwiano. Jina la tovuti endeleeni kulilipia angalau miaka miwili, kwa sababu likiachwa hununuliwa na mtu anayelitumia kuwatapeli walewale waliowaamini. Kama mlijisajili FEC, wasilisheni ripoti ya kufunga, na tunzeni risiti na taarifa za benki miaka 3 tangu ripoti ya mwisho.